Hodi Kutoka Tangini

Jioni ile nilitumwa kitu kidogo tu: nikafunge mfuniko wa tangi la maji taka, nyuma ya kiwanda. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu shemeji yangu, mume wa dada, afie mle ndani.

Niseme ukweli, maana aibu hii imenichosha. Mpima hewa ni mimi. Kabla mtu hajashuka, nateremsha kipimo kwa kamba, nasoma. Aliye chini akitaka kujua kama hewa bado nzuri, anagonga chuma mara tatu. Nikimjibu kwa kugonga moja, maana yake salama, endelea.

Siku ile kipimo kilikuwa stoo, hakina chaji. Nikaona uvivu. Shemeji akanitania, "Bwana mkubwa, leo unapima kwa macho?" Tukacheka. Akashuka. Akagonga tatu. Nikagonga moja.

Hakugonga tena.

Mama anayefagia uwanja alikuwa ametuonya asubuhi: "Msishuke jamani. Nimeinama pale, uvundo wa mayai viza ukanipiga, mara pua ikafa, sisikii kitu." Basi maiti ilipotolewa, watu wakaulizana, huyu alijuaje? Mchawi huyu! Na mimi, Mungu anisamehe, nikadakia, "Hata mimi nilishangaa." Sasa walikuwa wamekubaliana kumfukuza kesho.

Nikashika mfuniko. Kimya... halafu...

Ngo. Ngo. Ngo.

Chuma kinapoa, nikajiambia. Jua limezama, ndiyo maana kinalia. Lakini chuma gani kinajua kuhesabu?

Ngo. Ngo. Ngo.

"Na wewe umesikia?"

Nusura nizimie. Yule mama alikuwa nyuma yangu, ufagio mkononi. Akanong'ona, "Kila jioni anagonga hivyo. Anauliza nini, mwanangu?"

"Sijui, mama."

"Siku ile ulipima?"

Hakuuliza kwa ukali. Afadhali angenifokea. Neno moja tu lingemwokoa, nalijua hilo. Lakini niliona kibarua kikiota nyasi, nikaona macho ya dada yangu.

"Nilipima."

Chini kukajibu. Mara moja.

Ngo.

Uvundo ukanijia usoni... kisha ukakatika ghafla. Nikaanza kuinamia shimo. Mkono mkavu ukanikamata shati, ukaniburuta mbali na mdomo wa tangi. Mchawi wetu huyo, ndiye aliyeniokoa!

Asubuhi walimfukuza. Dada yangu alimtemea mate. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Siku hizi napima mara mbili mbili. Nani ananisifu? Hakuna, na sistahili.

Juzi nilikuwa kwa dada. Akaweka sufuria chini, akaniuliza taratibu, "Kaka, una hakika ni yule mama?"

Nikafungua mdomo. Safari hii nilitaka kusema, naapa.

Kidole changu kikagonga meza. Mara moja. Sikukituma mimi.

Dada, aliyeijua ishara ile kwa mumewe, akashusha pumzi, akanipakulia chakula.