Sufuria ya Lita Themanini

Ilikuwa Jumanne ya tarehe tisa, saa nne na robo asubuhi. Sufuria ya uji ilipinduka jikoni mwa chuo cha ufundi. Ilikuwa na lita themanini. Mpishi aliruka, lakini mguu wa kushoto ulichelewa.

Mpishi huyo alikuwa na binti aliyekuwa akisomea kuchomelea vyuma palepale chuoni. Wenzake walimwita Kimya, maana maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Siku hiyo alikuwa kwenye foleni, kikombe mkononi. Alimsikia mama yake akipiga yowe. Tangu hapo, mfuniko ukianguka popote, alishtuka na kushika ukuta.

Mama alikuwa ameandika barua tatu kwamba matofali ya jiko yamelegea. Wakubwa hawakujibu hata moja. Mguu ulipoungua, ndipo wakapata midomo.

"Wanafunzi wabuni kifaa cha kushikia sufuria," mkuu wa chuo aliamuru. "Nataka mchoro mmoja Ijumaa."

Chuma kilikuwepo stoo siku zote. Na mama alitakiwa kurudi kazini baada ya wiki tatu, kifaa kiwepo kisiwepo.

Kimya aliwekwa kundi moja na vijana wawili. Mmoja aliitwa Profesa kwa kuongea kwake, mwingine Rula kwa urefu wake. Profesa alichora kigari cha magurudumu manne. Rula alichora mnyororo wa kuning'iniza sufuria kwenye paa. Kimya alichora fremu ya chuma juu ya moto. Fremu inashika sufuria masikio yote mawili, kisha mpishi anaiinamisha kwa mpini mrefu. Mistari yake ilipinda.

"Tupige kura," alisema Profesa. "Changu ndicho kinapendeza, au siyo?"

Rula alinyoosha mkono. Kimya aliogopa kubishana, akanyoosha wa kwake.

Jioni jirani yao alikuja nyumbani kumjulia hali mama. Alikuwa mwanamke mchomeleaji wa mageti, watu wakimwita Fundi Cheche.

"Mmechagua nini, mwanangu?"

"Kigari, shangazi."

"Kwa nini?"

"Kina... kina magurudumu."

"Hata kitanda cha hospitali kina magurudumu. Mama yako juzi alikipanda. Muulize kama alifurahia safari."

Mama alicheka, kisha akashika mguu kwa maumivu.

"Mlimuuliza mpishi kwanza?" Fundi Cheche aliendelea.

"Hapana," Kimya alikiri. Miaka miwili walikula uji wa mama. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaupakuaje.

"Ile sakafu inateremka kwenda kwenye mfereji," mama alisema. "Kitunguu kikinidondoka, nakifukuza mpaka ukutani."

Kimya alikiona kigari chao kichwani. Uji wa moto, magurudumu, mteremko. Na mama yake yuko chini ya mteremko.

"Shangazi, tumeshapiga kura. Tufanyeje?"

"Kura inaonyesha nani ana marafiki. Haionyeshi sufuria itakaa au itapinduka. Andikeni kwanza mahitaji ya mpishi. Lililo zito zaidi lihesabiwe mara tatu. Kila mtu atoe alama peke yake, moja mpaka tano, kwa kila mchoro. Msichunguliane. Halafu jaribuni kwa maji baridi. Maji baridi yakimwagika, mtu analowa tu."

Asubuhi Kimya aliwaambia wenzake. Alieleza yote mpaka mwisho.

"Leo umeongea kuliko mwaka mzima!" Profesa alimtania. "Kigari changu hakina tatizo. Twende jikoni ukaone."

Waliazima kigari cha stoo, wakaweka juu yake ndoo ya maji iliyojaa. Profesa alikiachia. Kilisimama kidogo, kana kwamba kinafikiri. Kisha kikaondoka chenyewe, polepole, halafu mbio. Kikagonga ukuta. Maji yote yakamwagika pale anaposimama mpishi.

Profesa aliitazama sakafu iliyolowa.

"Ningemuua mama yako," alisema taratibu.

Walikaa na kutoa alama. Usalama ulihesabiwa mara tatu. Kigari kilishika mkia. Mnyororo ulipata alama chache kwa sababu mbao za paa zilikuwa zimeoza. Fremu iliongoza. Rula aliomba waongeze kipande cha mnyororo wake, ili sufuria isiiname kupita kiasi. Walikubali. Ijumaa walipeleka mchoro, pamoja na karatasi ya alama inayoeleza sababu.

Mchoro ulipokubaliwa na fremu kukamilika, mama alikuja na mkongojo kuijaribu kwa maji baridi.

"Mpini huu mmemtengenezea Rula au mimi?" aliuliza.

Waliukata shubiri moja.

Jumatatu ya kurudi kazini, Kimya alisimama mbele kabisa kwenye foleni. Mama alivuta mpini kwa mkono mmoja. Uji ukashuka taratibu, kikombe baada ya kikombe. Hakuna tone lililoanguka sakafuni.

Mkuu wa chuo alifika na mpiga picha. Alisimama kando ya fremu, akarekebisha tai, akatabasamu. Mama hakutabasamu. Mguu wake ulikuwa bado na bandeji.

"Mkuu," alisema, "zile barua zangu tatu, nani alizisoma?"