Walitaka Niseme Aliumia kwenye Salongo

Ulikuwa mwaka ule unga wa mahindi ulipotea kabisa Kalemie. Tulisonga bukari ya muhogo mchana na jioni, na majani yake, sombe, tukayapika kwa maji na chumvi, bila tone la mawese. Ndagala za ziwani tulizionja siku ya mshahara tu. Mtu wa umri wangu akisikia hivyo anajua ni mwaka gani.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mimba ya mtoto wa tano tumboni. Leo mimi ni bibi, wajukuu wangu wamejaa ua, na wote wanasoma! Mimi nilitoka shuleni darasa la pili, kusoma na kuandika nimejifunza uzeeni. Lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa sababu yaliyonipata nisingependa yampate mwanamke mwingine.

Mume wangu, Papa Feza, alikuwa anashusha magogo kwenye kiwanda cha mbao, kando ya reli. Tuliishi kambini, katika nyumba ya kiwanda. Nyumba ilifuata kazi. Mwanaume akipoteza kazi, masufuria yenu yako nje.

Mkubwa wake alikuwa kapita, msimamizi wa washushaji, jina lake Mulongo. Huyo hakuwa mtu wa mbali kwetu. Ndiye aliyemsimamia mtoto wetu Feza kwenye ubatizo, na Jumapili alikula kwangu kama kwake.

Wakati ule, enzi za Zaire, Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo. Kila mtu alibeba jembe, tunafyeka majani barabarani, bila malipo, na kazi nyingine yoyote ilikatazwa. Lakini Jumamosi moja mabehewa ya magogo yalifika, na tajiri mwenye kiwanda akataka yashushwe upesi. Kapita akawatoa watu wake kwenye salongo kimyakimya. Majina yao yalipoitwa barabarani, wenzao wakawaitikia.

Cheni ya magogo ikakatika... Gogo likamwangukia Papa Feza mguuni, chini ya goti.

Mnaona tulivyonaswa? Saa ile mguu unapondwa kiwandani, kwa wakubwa wa chama tawala, wenye salongo yao, mume wangu alikuwa barabarani anafyeka majani!

Kwenye dispensari ya kiwanda tulimkuta infirmie, muuguzi wetu Papa Kisimba, mtu mpole. Alisafisha kidonda, akasema mfupa umepasuka. Akanieleza kila mmoja ana kazi yake. Kapita anatangaza ajali. Yeye infirmie anasema mgonjwa amepona au bado. Shefu wa personeli, mkuu wa wafanyakazi kule biro, ofisini, ndiye anayepeleka shauri kwa wanaolipa fidia. Kapita asipotangaza, akasema, hao wengine wawili hawana pa kuanzia.

Nikaenda kwa Kapita. Akaniomba ninyamaze kwanza, mambo haya tutayapanga kindugu. Akitangaza, alisema, chama kitamfunga kwa kuiba watu wa salongo, na tajiri atasema hamjui. Mimi nilitaka kupiga kelele kambi nzima isikie. Papa Feza akanikataza. Mulongo ni ndugu yetu, alisema, hawezi kutuacha.

Hawezi kutuacha... Kweli?

Jioni moja Kapita alikuja anacheka. Amepata dawa! Papa Feza atarudi na kupewa kazi nyepesi, kulinda lango. Mtu akiwa kazini, nani atauliza habari ya ajali? Nyumba inabaki yetu. Papa Kisimba alikataa, akasema kidonda bado kibichi na mgonjwa asisimame. Shefu wa personeli akamjibu kwamba kapita ndiye anayewajua watu wake, na kapita amesema huyu anaweza.

Kazi nyepesi! Lango lile lilikuwa la chuma. Lori likija, linasukumwa kwa bega, na miguu yote miwili inakaza ardhini. Kila jioni nilifungua bendeji, na kila jioni ilikuwa mbaya kuliko jana. Nikimzuia nyumbani, tunafukuzwa. Nikimwacha aende, mguu unaoza. Nilizunguka ndani ya ile nyumba kama kuku aliyefungwa kamba. Ningemkimbilia nani? Kapita alinituma kwa shefu, shefu akanirudisha kwa kapita, na Papa Kisimba alikuwa hasikilizwi tena.

Mwisho, hospitali kubwa ikamkata mguu. Juu ya goti.

Mtu wa mguu mmoja hasukumi lango. Basi shefu akaniita biro. Papa Feza alikuwa bado na homa kali, kwa hiyo walitaka kidole cha mke wake kwenye karatasi. Nilimwomba shefu aisome kwa sauti. Ilisema Papa Feza aliumia kwenye salongo, alijikata kwa jembe lake mwenyewe, kiwanda hakimo. Nikiweka kidole, tutabaki kambini mpaka shule zifungwe. Nisipoweka, tuhame. Kapita alikuwa amekaa pembeni, anatazama viatu vyake.

Na asubuhi ile ile mume wangu aliniambia kitandani, "Mama Feza, kubali tu. Batoto watalala wapi?"

Hata yeye!

"Mama Feza," Kapita akasema, "mimi njo baba ya batizo ya mutoto wako. Unataka banifunge?"

"Kila kuku niliyemchinja nilikupa paja, Kapita," nikamwambia. "Mguu wa bwana yangu sikukupa."

Nitawaambia mapema yaliyofuata, msije mkadhani kuna aliyenipigia makofi. Tulitolewa nje. Tulikwenda Niemba kwa kaka yangu, nikalima shamba la watu na tumbo langu mbele. Papa Feza hakunisemesha msimu mzima. Malipo? Hatukuyaona kamwe, mpaka kiwanda kikafungwa.

Lakini ninyi mama wenzangu, nawasihi... Bwana yako akiumia, ajali itangazwe siku ile ile, mbele ya watu, hata kama kapita ni ndugu wa tumbo moja. Asirudi kazini kabla infirmie hajamruhusu. Na hiyo kazi nyepesi, nenda ukaitazame kwa macho yako kwanza! Sisi tulingoja undugu, na undugu ukatula mguu.

Siku ile biro, shefu alisogeza kidau cha wino mpaka kikagusa mkono wangu. Wakati ule maofisini hakuna aliyeitwa bwana wala bibi, sote tulikuwa sitwayeni, raia. "Sitwayeni," akasema, "weka kidole hapa, tumalize."

"Aliumia kazini. Siweki kidole."

Akaniuliza kama nimewafikiria watoto, na huyu aliye tumboni.

"Aliumia kazini. Siweki kidole."