Mpungate Usioshika Vumbi

Atakayekwambia kwamba Voi kuna kitu kisichoshika vumbi, mwambie akuonyeshe. Akikuonyesha, kimbia.

Vumbi jekundu la mji ule haliombi ruhusa. Huingia kwenye sukari, kwenye kurasa za Biblia, kwenye meno ya mtu aliyelala mdomo wazi. Kwa hiyo asubuhi ile Wakesho alipopitisha kidole juu ya mpungate wa mumewe na kidole kikatoka safi, alisimama akakitazama. Miche mingine yote barazani ilikuwa imevaa vumbi lake la kila siku. Mkangaga ulikuwa mwekundu, mshubiri ulikuwa mwekundu, na yale majani mapana kwenye debe la mafuta yalikuwa hayajulikani rangi. Mpungate peke yake uling'aa kijani kibichi hadi kwenye ncha za miiba.

"Mama, ni wewe umeuosha huu?" akauliza.

Jerusha, mama mkwe wake, alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuingia wala kutoka bila kumruka miguu. "Mimi nioshe miiba?" akasema. "Kazi ya kubembeleza majani ni yako. Wenzako wanabembeleza watoto wachanga."

  Nyumba za landi, makazi ya wafanyakazi wa reli, zimebanana, ukikohoa huku jirani anakwambia pole kule, na Wakesho alilelewa Chawia, kule milimani kwa Wataita, kwa watu wa misheni, akafundishwa kwamba mke mwema humeza. Basi alimeza. Alikuwa na binti wa miaka sita, Wakio, lakini miaka miwili nyuma mtoto wake wa kiume, Noah, alifariki kabla hajaota jino, na Jerusha akaenda kuwaambia wanawake wa kanisa kwamba maziwa ya Wakesho yalikuwa mabaya. Alilisema tena pale mezani, mbele ya mwanawe Timotheo, mume wa Wakesho. Timotheo alikuwa anakunywa chai. Akaendelea kunywa chai.

Hilo la chai ndilo lililomkaa Wakesho kooni.

Miche ilikuwa ya Timotheo kwa jina na ya Wakesho kwa kazi. Timotheo alikuwa karani wa mizigo stesheni, na kila mwaka mkaguzi wa reli alipita kutazama bustani na baraza za wafanyakazi, akatoa sifa kwa iliyopendeza. Timotheo alizitaka sana sifa hizo. Kwa ajili yake Wakesho alitoboa makopo na madebe chini ili maji yasituame, akatandika vipande vya makaa na mchanga kabla ya udongo, akajua ni upi unaopenda kivuli na ni upi unaooza ukiumwagilia mara mbili kwa wiki. Na ule mpungate Timotheo aliuleta mwenyewe alipokwenda likizo. Aliung'oa Chawia, kwenye mlango wa ngomenyi, lile pango ambamo wazee wa zamani waliweka mafuvu ya baba zao kwa heshima. Hakuna Mtaita mwenye akili timamu anayeng'oa hata unyasi pale. Timotheo alicheka akasema mambo hayo yaliisha, siku hizi sote ni Wakristo.

Kila asubuhi Wakesho aliosha majani. Hakutumia kitambaa. Alijaza maji kinywani akayapuliza, kama mtu anayelowesha nguo kabla ya kupiga pasi, na kila baada ya funda alinong'ona jambo moja lililomuuma. Hapo tu ndipo alipojisikia mwepesi. Hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka, kwamba bibi yake alipulizia maji vivyo hivyo. Wataita wana dawa yao ya hasira iliyo kongwe kuliko kanisa, nayo ni kutasa: hujaza maji kinywani, huyapuliza nje, hutamka kwamba kinyongo kimetoka, na papo hapo humtakia heri yule aliyekukosea. Wakesho alipuliza na kutamka. Ile heri hakuitoa, kwa sababu hakuwa nayo.

Siku ya kidole kile alijaza kinywa, akapulizia mpungate, akanong'ona, "Ulimi wa mama yule nao uote miiba, ajue inavyochoma."

Mpungate ukameza. Aliusikia. Ilikuwa sauti ndogo, glu, kama ya mtoto aliyeshika ziwa.

Adhuhuri, jua likiwa utosini, Jerusha alitia tonge la ugali mdomoni akapiga ukelele. Timotheo alimfungua mdomo na kumchomoa mwiba mweupe, mrefu kama sindano ya kushonea, uliokuwa umesimama katikati ya ulimi, nao haukuwa umechoma kutoka juu bali ulikuwa umeota kutoka ndani ya ulimi wenyewe. Wakesho alikimbia kuleta maji ya chumvi. Lakini tusidanganyane: alifurahi. Siku tatu nyumba ile ilikuwa na amani kwa sababu Jerusha hakuweza kusema, na Wakesho alipika akiimba.

Akarudi kwa mpungate. Safari hii ilikuwa zamu ya mwenye chai. "Asiyetaka kusikia, basi asisikie," akanong'ona, akapuliza. Glu.

Kesho yake Timotheo aliletwa nyumbani na wenzake wawili, shati limechanika. Alikuwa amekatiza reli mbele ya gari moshi, moja ya yale ya wafungwa wa kambi ya Manyani yaliyopita madirisha yamefungwa, na honi ikalia hadi watu wa sokoni wakageuka, yeye asigeuke. Mtu alimvuta kwa ukosi. Hata sasa alikuwa hasikii vizuri.

"Kuna mtu anameza ndani ya masikio yangu," alimwambia mkewe kwa kunong'ona, macho yamemtoka. "Mama Wakio, anameza, anameza, haishi."

Hapo furaha ikamtoka Wakesho. Alichukua kisu cha jikoni akaenda barazani akaukata mpungate katikati. Utomvu ukatoka, mweupe, mwingi, ukamwagika mikononi mwake, na ulikuwa wa vuguvugu. Ulinuka maziwa ya mama. Kifua chake kikauma ghafla, na alipotazama chini akaona gauni lake limelowa sehemu mbili, yeye ambaye hakuwa amenyonyesha tangu Noah. Alitupa kisu akakimbilia ndani. Asubuhi mpungate ulikuwa umefunga jeraha, tena umechipua vichwa viwili palipokatwa, na vyote viwili vimeelekea mlangoni.

Akaapa kutoutazama tena. Angelishika neno lake, pengine, lakini hasira haina likizo. Siku ya pili alikuwa anaosha mkangaga, kinywa kimejaa maji, wakati Wakio alipopita mbio na kuangusha debe la majani mapana. Udongo ukamwagika baraza zima. Na Jerusha, ulimi umepona, akasema pale pale, "Mwana hufuata mama. Yule mwingine angalau alikuwa mtulivu."

Yule mwingine ni Noah. Wakesho alisikia kitu kikipasuka kichwani. Maji yakamtoka kwa nguvu, yakaruka kupita mkangaga, yakaupiga mpungate, na neno likatoka nayo: "Heri ningekuwa sina mtoto kabisa, nikapumzika na maneno yenu!"

Glu.

Aliufunika mdomo kwa mikono miwili. Hasira haikuwa ya mtoto. Mtoto hakuwa na kosa. Lakini neno likishatoka halina mkia wa kulivutia.

Saa saba mchana Wakio alisema amechoka, akajilaza. Wakesho alikaa kando ya kitanda, na upepo wa Voi ukaja kama unavyokuja kila siku saa ile, ukaingia dirishani na vumbi lake, likatua kwenye shuka, likatua kwenye mto, likatua kwenye mikono ya Wakesho na kwenye kikombe cha maji ambacho mtoto alikataa kukigusa, na Wakesho akakung'uta na kukung'uta mpaka alipogundua kwamba uso wa mtoto hauhitaji kukung'utwa, kwamba vumbi lilipofika karibu na mtoto lilikwenda pembeni, kwamba paji la uso, kope, midomo, vyote vilikuwa safi na vinang'aa, na alipomgeuza amguse shingo kwa nyuma vitu vikamchoma vidole, miiba midogo, mingi, inayoota.

Alipiga yowe ambalo landi nzima ililisikia. Jirani yao Mwislamu, mke wa fundi wa injini, alichungulia, akamwona mtoto, akarudi nyuma hatua nzima. "Jini hilo, mwanangu," akanong'ona. "Tena lina hasira. Tafuteni mtu wenu haraka, mtoto anakauka."

Mtu wao alikuwa Obadiah, kaka yake Jerusha, mzee wa mila kule Chawia. Alishuka na lori la mboga asubuhi iliyofuata, kanuna kuliko dereva. Hakupenda joto, hakupenda reli, na alipouona mpungate hakupenda mtu yeyote katika nyumba ile.

"Nani aling'oa kitu mlangoni kwa wazee?"

"Mimi, Mjomba," Timotheo akajibu. "Ulikuwa mti tu."

"Mti tu. Na fuvu la babu yako ni kibuyu tu?" Obadiah akapiga fimbo chini. "Aliyemo ndani yake Waswahili wanamwita jini, na wamwite wapendavyo. Amekaa mlangoni pale na njaa tangu mlipoacha kuwapelekea wazee hata tone la pombe ya miwa. Chakula chake ni kinyongo. Wewe ukamhamishia kwenye nyumba iliyojaa kinyongo hadi darini. Nani amekuwa akimlisha?"

Wakesho akasema, "Mimi." Akaeleza yote, maji na maneno, hakuficha hata lile la mwisho.

"Ulitasa nusu," Obadiah akasema, na sauti yake ikalegea kidogo. "Hasira umeitoa, heri hukuitia. Lakini wewe peke yako hutoshi. Wote wenye kinyongo humu ndani watatasa, mbele ya mwenzao, mbele ya mti. Useme lililoko, upulize maji yote, uombe heri. Yote, nasema. Anayemeza maji hayo anamkaribisha tumboni mwake, na mimi sitarudi kwenye joto hili."

Wakaketi barazani duara, mpungate katikati, mtoto amelazwa kwenye mkeka akivuta pumzi moja moja. Majirani wamejaa ukutani.

Wakesho alianza. Alijua kinachotakiwa, na hakuogopa tena kuta nyembamba.

"Mama, ulisema maziwa yangu yalimwua Noah. Uliwaambia wanawake wa kanisa, ukaniambia mimi, ukanirudia kila juma. Mwanangu alikufa kwa homa na wewe unajua, ulimshika ukahisi moto! Nimekupikia, nimekufulia, nimekuruka miguu mlangoni kama mbwa wa nyumba. Nilikuchukia. Nilitaka ulimi wako uoze. Na wewe Baba Wakio, wewe ulikuwa unakunywa chai! Angetukanwa mkaguzi wako ungesimama. Nilitukanwa mimi ukaomba sukari!"

Alikuwa anapiga kelele, kamasi na machozi vinamtoka, na hakujali. Akajaza kinywa, akapuliza, maji yakalowesha udongo mbele yake. "Imetoka," akasema, na sauti ikakatika. "Kwako Mama, heri. Kwako mume wangu, heri. Mwanangu apumue."

Mpungate ukatetemeka. Harufu ya maziwa yaliyoganda ikajaa baraza.

Timotheo akafuata, analia. "Niliogopa mama, nikamwacha mke wangu. Na nilimkasirikia mke wangu kwa sababu alinifanya nijione mwoga." Akapuliza. Udongo mbele yake ukalowa. Kichwa kimoja cha mpungate kikaanguka.

Ikawa zamu ya Jerusha. Alikaa wima. Alikuwa ametajwa hadharani, mbele ya kaka yake, mbele ya majirani hata wasio wa kabila lake. Akatia maji kinywani, akavuta mbele kitambaa chake cheusi cha kichwani, akapuliza kwa sauti, fuu. "Sina neno na mtu," akasema kwa upole. "Heri kwa wote."

Mpungate ukalainika wote, ukamwagika ndani ya chungu chake, maji meusi yenye uvundo. Mkekani, Wakio akapiga chafya. Akapiga ya pili, akajifuta pua, na mkono wake ukachora mstari mwekundu shavuni. Vumbi. Wakesho alimnyakua akambusu vumbi lile, akalilamba, akacheka kama mwendawazimu, na majirani wakapiga vigelegele. Obadiah akafunga chungu kwenye gunia akiguna, akaondoka kulirudishia pango kilicho chake.

Treni ya mchana ikapita. Upepo wake ukainua vumbi la landi yote, watu wakafumba macho, wakakohoa, wakacheka. Lilipotulia, kila mtu alikuwa mwekundu: Timotheo, majirani, mtoto.

Wakesho akatazama chini. Udongo ulikuwa umelowa mbele yake. Ulikuwa umelowa mbele ya mumewe. Mbele ya kigoda cha mama mkwe ulikuwa mkavu.

Akainua macho polepole. Kitambaa cheusi cha Jerusha kilikuwa safi. Paji lake la uso lilikuwa safi, linang'aa. Jerusha akameza, glu, kisha akanyoosha mikono yote miwili na kutabasamu.

"Wakio," akaita, "njoo kwa bibi."

Na mtoto, ambaye hakuwa na kinyongo na mtu, akachomoka mikononi mwa mama yake na kumkimbilia bibi.