Yai la Bwana Dakika

Mwaka ule reli ilipofika Dodoma, Wajerumani walikuwa na haraka kuliko watu wote wa nchi hii. Aliyewafuata kwa haraka alikuwa Mwantum binti Bashiri, msichana wa miaka kumi na miwili kutoka Kondoa.

Mwantum aliishi na baba yake katika kibanda cha udongo, karibu na mahema ya wafanyakazi wa reli. Mama na wadogo zake walikuwa wamebaki Kondoa, ambako mvua ilikuwa imewanyima uwele kwa mwaka wa pili. Chakula chao chote kilitegemea kazi ya baba, na kazi ya baba ilikuwa kumpikia mhandisi wa Kijerumani.

Kila alfajiri, kabla upepo wa Dodoma haujaanza kumwaga vumbi katika kila chungu, Mzee Bashiri alimwamsha binti yake wakasali. Katika sala yenyewe Mwantum hakuwa na namna ya kukimbia, kwa kuwa aliyeongoza ni baba. Lakini baada ya salamu kila mtu hubaki na uradi wake: Subhanallah thelathini na tatu, Alhamdulillah thelathini na tatu, Allahu Akbar thelathini na nne. Baba alifumba macho, akazitamka moja moja huku akihesabu kwa pingili za vidole. Mwantum alizitamka zote kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Akimaliza hukimbilia nje kuwasha moto, na baba akifumbua macho hukuta ndimi za moto zinacheza.

"Mashallah, mwanangu ana bidii," husema baba, maskini, bila kujua lolote.

Mzee Bashiri alikuwa mtu wa kumtaja Mungu katika kila kitu. Hakuwasha moto bila Bismillahi, hakutoka nje bila dua yake, hakupiga chafya bila Alhamdulillah. Hata chumvi aliitia chunguni kwa Bismillahi, na kwa hiyo hakuwahi kuitia mara mbili. Akisahau kama amekwisha kuitia, alijiuliza tu kama amekwisha kutamka.

Mhandisi aliyempikia watu walimwita Bwana Dakika. Alikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo, na aliitazama hata alipokuwa hana pa kwenda. Kila asubuhi alitaka yai moja la kuchemsha, ute wake mweupe umeshikana, kiini chake laini kama asali nzito. Mpishi wa kwanza alifukuzwa kwa yai bichi. Wa pili alifukuzwa kwa yai gumu. Wa tatu alitoroka mwenyewe, akaacha hata kofia yake. Tangu alipokuja Mzee Bashiri yapata miezi mitano, yai halikuwa limekosea hata siku moja.

Ndipo homa ikamwangusha Mzee Bashiri. Alilala chini ya mablanketi mawili huku meno yanagongana, na nje jua linachoma.

"Mwantum," alisema, "leo utakwenda wewe jikoni kwa Bwana. Kahawa unaijua. Mkate unaujua."

"Na yai, baba?"

"Yai ni jepesi. Maji yakichemka barabara, sema Bismillahi, litumbukize. Kisha soma uradi wako kama unavyosoma baada ya sala. Ukifika Allahu Akbar ya mwisho, liopoe."

"Basi?"

"Basi. Mimi sina saa, mwanangu. Nina ulimi tu."

Mwantum akaenda anarukaruka. Mlangoni pa jiko alimkuta rafiki yake Raheli, binti wa Kigogo aliyesoma misheni, ambaye kila asubuhi alileta mayai ndani ya kibuyu kilichojaa pumba.

"Mbukwa, Mwantum!" alimsalimu kwa Kigogo. "Baba yako yuko wapi?"

"Mgonjwa. Leo mpishi ni mimi."

Raheli alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mungu amsaidie Bwana," akasema.

Maji yakachemka. Mwantum akasema Bismillahi, akatumbukiza yai, akasoma uradi wake kama alivyozoea. Raheli alikuwa hajamaliza hata kupangusa pumba mikononi, yai likawa limekwisha kuopolewa.

Bwana Dakika alikaa mezani huku mchoro mkubwa wa reli umetandazwa mbele yake. Aligonga yai kwa kijiko. Halikuvunjika kama mayai ya siku zote, lilimwagika. Ute ukashuka ndevuni, kiini kikaanguka juu ya mchoro, na pale ambapo reli ilipaswa kupita katika nchi kavu pakatokea ziwa la manjano.

"Yai gani hii?" alinguruma Bwana. "Mpishi wapi?"

"Baba anaumwa, Bwana," alisema Mwantum kwa sauti ndogo. "Nimepika mimi."

"Kesho pika vizuri!"

Mwantum alirudi jikoni. Hakuelewa. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa, na mia moja yake ilitimia, hakuiba hata moja.

"Labda mayai yako ni mabovu," alimwambia Raheli.

"Mayai yangu! Kuku wetu wanataga mayai ya kikristo, hayana ubaya wowote," alijibu Raheli, akakunja uso. Kisha akamwonea huruma. "Sikiliza. Kama mara moja haitoshi, kesho soma mara kumi."

Shauri lile lilimpendeza sana Mwantum. Jioni baba alipomwuliza, "Yai limekwendaje?" alijibu, "Bwana amelila, baba." Kwa kweli Bwana alikuwa amelivaa. Alijua ni uongo, lakini aliogopa kumtia mgonjwa wasiwasi.

Siku ya pili alisoma mara kumi. Au labda mara kumi na nne, kwa sababu kwenye mara ya sita paka aliingia jikoni, na kwenye mara ya nane Raheli alimwuliza kama amefika ya saba, ikabidi aanze tena. Maji yalipungua mpaka nusu ya sufuria. Yai liliopolewa likiwa zito na lenye heshima zake.

Bwana Dakika aliligonga kwa kijiko kwa hadhari, huku amejifunga leso mbili. Likavunjika ganda, ndani likabaki vile vile. Akajaribu kuingiza kijiko, kijiko kikateleza. Akalitupa nje ya dirisha kwa hasira. Yai likadunda mara mbili mbele ya mbwa wake, mbwa akalinusa, akaondoka.

Safari hii Bwana hakunguruma. Alitoa saa yake, akaitazama, akasema polepole, na upole ule ulimtisha Mwantum kuliko kelele za jana.

"Kesho mara ya mwisho. Yai mbaya, baba yako kwenda Kondoa. Mimi naita mpishi wa Morogoro."

Mwantum alirudi nyumbani analia njia nzima. Kondoa ni mwendo wa siku sita kwa miguu, na baba hakuweza kutembea hata hadi kisimani. Na wakifika huko, watamwambia nini mama, aliyekuwa akingoja mzigo wa unga kila mwezi? Aliingia kibandani, akamkuta baba amelala kwa homa. Alitaka kumwambia kila kitu. Alikaa karibu yake, akafungua kinywa mara tatu, na mara tatu akauliza kama anataka uji.

Alfajiri iliyofuata homa ilikuwa imelegea kidogo. Mzee Bashiri alisali kwa kukaa, na Mwantum akasali nyuma yake. Baada ya salamu Mwantum alisoma uradi wake kwa pumzi mbili tatu, akawa tayari kwenda kuwasha moto. Lakini miguu ilikataa. Hofu ya yai la siku hiyo ilimbana palepale mkekani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akabaki kumsikiliza baba.

"Subhanallah," alisema baba, akavuta pumzi. "Subhanallah."

Mwantum alihesabu pingili ambazo kidole cha baba kilikuwa kimekwisha kupita. Baba alikuwa kwenye ya kumi na moja.

Ya kumi na moja! Yeye alikuwa amekwisha kumaliza zote mia. Macho yalimtoka. Mwanga ulianza kupenya kwenye nyufa za mlango, jogoo wa jirani akawika, akanyamaza, akawika tena, na baba bado alikuwa kwenye Alhamdulillah. Kila neno lilitoka zima, lenye mwanzo na mwisho wake, kama mtu anayemwita mpenzi wake kwa jina. Mwantum aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Miaka yote ile alikuwa akidhani kwamba yeye na baba wanasoma kitu kimoja.

Baba alipofumbua macho, alishangaa. "Leo hakuna moto?"

"Baba," alisema Mwantum, na machozi yakamtangulia, "nilikudanganya. Bwana hakulila yai. La kwanza lilikuwa bichi, la pili jiwe. Leo nikikosea, anatufukuza. Na kosa ni langu, kwa sababu uradi wangu ni wa mbio."

Mzee Bashiri alimfuta machozi. Kisha akasema, "Nisomee nikusikie."

Mwantum akasoma kama alivyozoea. Baba alishika kichwa.

"Lo! Mwanangu, huyo unayemtaja hapo hata jina lake sikulisikia!" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi apewe maji. "Haya, nenda. Leo usilifikirie yai. Mtaje Mola wako vizuri, yai lina maji yake yanalitosha."

Jikoni, Mwantum hakumkuta Raheli peke yake. Bwana Dakika mwenyewe alikuwa amesimama kando ya jiko, saa mkononi.

"Leo mimi naona," alisema.

Mwantum alisema Bismillahi, akatumbukiza yai. Kisha akafumba macho.

"Subhanallah."

Ulimi ulitaka kukimbia. Alihisi neno la pili likilisukuma la kwanza mgongoni. Akalizuia, akavuta pumzi kama alivyomsikia baba, akalitoa zima. La tatu pia. Alipofika kumi moyo wake ulikuwa bado unapiga ngoma. Alipofika thelathini ngoma ilikuwa imepungua.

"Unasema nini?" aliuliza Bwana.

Mwantum hakujibu. Hakuweza kujibu katikati.

"Wewe! Yai tayari?"

Mwantum, macho yamefumbwa, aliinua kidole kimoja kumwambia asubiri. Raheli alishika mdomo. Katika reli yote, kuanzia pwani hadi hapo Dodoma, hakuna mtu aliyewahi kumwinulia Bwana Dakika kidole. Bwana aliduwaa, akafunga kinywa, akasubiri kama mtoto wa shule.

"Allahu Akbar," alisema Mwantum. Ilikuwa ya thelathini na nne. Akafumbua macho, akaliopoa yai.

Bwana Dakika alikaa. Aligonga ganda, akaliondoa. Ute ulikuwa umeshikana. Akazamisha kijiko, na kiini kikatoka laini, polepole, kikasimama ukingoni bila kumwagika. Alikula lote, akafuta ndevu, ingawa siku hiyo hazikuwa na kitu. Akaitazama saa yake, akamtazama Mwantum, akaitikisa saa sikioni kuhakikisha kwamba inakwenda.

"Mzuri," alisema hatimaye. "Mzuri kupita ya baba yako. Baba yako abaki. Apone kwanza."

Kazi za jiko zilipokwisha, karibu na adhuhuri, Mwantum alikimbia nyumbani. Hapo hatumlaumu, mbio nyingine zina haki yake. Alimweleza baba kila kitu, hata habari ya kidole, na mwisho akasema, "Na Bwana amesema yai langu ni zuri kupita lako."

Mzee Bashiri alikaa sawasawa juu ya kitanda, homa imesahaulika.

"Kupita langu? Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo, baba. Raheli ni shahidi."

Baba alijikuna ndevu. Uso wake ulionyesha wivu kwanza, kisha kitu kingine.

"Huenda ni kweli," alisema. "Siku nyingine nikiwa jikoni namsikia Bwana anaita, basi zile za mwisho nazisukumasukuma. Nilidhani ni Mungu tu anayejua, kumbe na yai lilijua." Akamvuta binti yake akae karibu. "Sikiliza, Mwantum. Hatumtaji Mungu ili yai liive. Tunamtaja kwa sababu ametuumba na ametulisha, na yai huiva humo humo katika kumtaja. Sala tano, Bismillahi, uradi, yote haya tunayarudia kila siku mpaka yawe sehemu ya mwili wetu. Na lile unalolirudia kila siku ndilo litakalokujia siku ya hofu, wakati akili imekimbia. Lakini litakujia vile ulivyolizoea. Ukilizoea kwa mbio, litakuja mbio, likupite. Leo Bwana alikusimamia kichwani na saa yake, na hukutetemeka. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu nilisoma polepole?"

"Kwa sababu ulikuwa unazungumza na aliye mkubwa kuliko Bwana. Na uongo ule ulioniambia, ulitaka nisiwe na wasiwasi. Kidogo tu tungefukuzwa nikiwa na furaha. Usirudie."

"Sitarudia, baba."

Nje, kivuli cha nguzo ya kibanda kilikuwa kimefupika mpaka miguuni pake. Adhuhuri ilikuwa imefika. Mwantum alimletea baba maji ya udhu, akatandika mkeka, akasimama nyuma yake. Mzee Bashiri aliinua mikono kuanza sala.

"Baba," alinong'ona Mwantum.

"Nini tena?"

"Baada ya salamu, na wewe usikimbie."