Skana Kipofu

"Shangazi, kontena liko kwenye lori la nne kwenye foleni. Una dakika kumi na moja."

"Nimesikia, Mkuu."

Shangazi aliiweka redio ya polisi mezani, akairudisha bastola yake ya Glock kiunoni.

Profesa alikuwa sakafuni, pingu kwenye mguu wa meza. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Magendo ya bunduki ndiyo yaliyomleta hapo, aipofushe skana ya geti la bandari, naye alikuwa amefuta mfumo wa kompyuta ndogo inayoiendesha. Bila picha ya skana, hakuna aliyeruhusiwa kuvunja lakiri ya kontena. Kontena lingepita, bunduki zingeingia mjini.

"Mama, hiyo si mashine ya kufulia," alisema. "Utaiunguza bure."

Shangazi alivuta kiti. Alishalea vijana watatu wanaojua kila kitu.

Tena kazi yenyewe Profesa aliifanya ovyo. Bwana mkubwa alifuta mfumo, akasahau kerneli, kiini chake. Kilichokosekana ni kitu cha kuipa iendeshe tu.

Alifungua ThinkPad, kompyuta yake ya mkononi. Akatengeneza mfumo mdogo wa kukaa kwenye kumbukumbu: folda chache, BusyBox yenye amri za msingi, programu ya skana, na faili la init la mistari kumi na miwili, la kuwasha kila kitu. Akafungasha kwa cpio, akabana kwa gzip, akanakili kwenye kadi, akaichomeka kwenye kompyuta ya skana.

Skrini ikajibu: init haipo.

Ilikuwepo. Aliiweka kwa mkono wake. Akakagua ruhusa zake. Sawa.

"Shangazi, lori la pili sasa," redio ilisema.

Profesa alicheka kwa pua.

Hapo Shangazi akamtazama vizuri. Watu wa aina hii huvumilia pingu. Hawavumilii kuona mtu anakosea.

"Kerneli mbovu hii," alisema kwa sauti. "Naibadilisha yote."

Profesa alijikaza. Akashindwa.

"Kerneli imekukosea nini? BusyBox yako inategemea maktaba za programu ambazo hukuzipakia. Weka inayojitegemea. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza..."

Akagundua alichokifanya. Alikuwa amechelewa.

Shangazi alibadilisha faili moja, akafungasha upya, akawasha. Sekunde sita. Skana ikanguruma. Lori la nne likaingia chini yake, na kwenye picha, nyuma ya magunia ya saruji, mitutu ya bunduki ikaonekana, imelala safu kwa safu.

"Mkuu, vunja lakiri," alisema redioni.

"Nani kakufundisha haya?" Profesa aliuliza.

"Wewe."

Akafunga ThinkPad, akamruka miguu kama anavyoruka viatu vilivyoachwa mlangoni, akatoka.