Zamu ya Maji ya Mama Irine

"Hivi, Mama Irine, mtoto akishasomeshwa na masista, jembe atalishika tena?"

Swali hilo aliliuliza jirani yao, Mama Careen, siku Irine alipofika kijijini Mhezi kwa likizo. Hedwiga, mama yake Irine, alicheka tu. Lakini Irine, aliyesoma darasa la sita katika shule ya bweni ya masista kule Same mjini, swali hilo lilimkaa moyoni.

Asubuhi moja pembe ililia. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima! Kila nyumba itoe mtu wa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa linalomwagilia mashamba yao. Asiyetoa mtu, zamu yake ya maji hurukwa. Siku hiyo Hedwiga alikuwa kitandani na homa, na maharage yake yalishaanza kunyauka.

"Nitakwenda mimi, mama."

Hedwiga akamchora msalaba kipajini. "Nenda, mwanangu. Ukishindwa, sema umeshindwa."

Kwenye ndiva, Babu Eliezeri, msimamizi wa maji, alimpimia kila mtu kipande chake. Irine alipangwa kando ya Careen, aliyesoma shule ya serikali pale kijijini.

"Eti shuleni kwenu mnakula mkate kila asubuhi?" Careen aliuliza.

"Nani kakudanganya? Uji! Na masufuria tunaosha wenyewe."

"Na ukiropoka Kiswahili badala ya Kiingereza?"

"Unafagia uwanja peke yako."

Careen alicheka mpaka akaegemea koleo. "Mimi ningefagia mpaka Krismasi!"

"Na nyie, kweli mnabanana wanne dawati moja?"

"Kweli. Mwalimu hawezi kutufikia wote, kwa hiyo aliyeelewa anamfundisha wa pembeni. Mimi nawafundisha hesabu za sehemu."

Irine alizoa koleo la tope akiwaza. Darasani kwao kila mtu huziba daftari kwa mkono, mwenzake asichungulie.

Jua lilipopanda, viganja vyake vilitoka malengelenge. Careen alimaliza kipande chake, akaingia cha Irine bila kuombwa.

Babu Eliezeri akaja kukagua. "Loo, mtoto wa masista! Umemaliza peke yako?"

Mama Careen alisimama karibu, mikono kiunoni, akisikiliza. Irine aliyawaza maharage ya mama yake.

"Hapana, babu. Nusu kachimba Careen. Mimi nilishindwa."

Watu wakaguna.

"Maji mtapata," mzee alisema. "Hapa kusaidiana ruksa, kudanganya ndiyo marufuku. Nimewasikia mkiulizana habari za shule. Kila shule ina vyake, wajukuu zangu. Mimi naangalia mtoto ametoka na nini huko, na anamgawia nani."

Jioni Mama Careen alifika kwa Hedwiga na kamba mkononi, kumwita bintiye akatafute kuni. Akakuta Careen amechora duara sakafuni kwa mkaa, anamwonyesha Irine jinsi ya kuligawa. Kisha Irine akafungua kitabu cha Kiingereza.

"Sasa soma wewe. Usiogope, hapa hakuna wa kukucheka."

Careen akasoma, akakwama, akasoma tena.

"Karibu, Mama Careen," Hedwiga alisema, homa ikiwa imempungua. "Umekuja na swali lingine?"

Mama Careen aliwatazama watoto. Halafu akaitupia kamba begani kwake mwenyewe, akaenda kutafuta kuni.