Taa ya Kulia ya Prado

"Ng'ombe mwekundu kapotea."

Sauti ya Mzee Bujiku iliingia kwenye kifaa kidogo ndani ya sikio la Joyness, kutoka Dodoma, bila hata salamu. Joyness aliacha kumenya waya. Maneno yale yalikuwa na maana moja tu: GPS iliyofichwa ndani ya Prado ya Fredrick imezima.

"Imezima vipi?"

"Ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Sasa kimya."

"Nilisema lehemu ile ni mbovu. Nilisema mapema kabisa."

"Lawama baadaye, Kware."

Baadaye. Kwa Bujiku na wakubwa wenzake wa Kitengo cha usalama kila kitu kilikuwa baadaye. Kifaa cha mamilioni, kimetengenezwa na wataalamu wenye viyoyozi, halafu kikabandikwa kwenye bodi ya taa kwa lehemu ya kuokoteza! Barabara ya vumbi ya Mwamanyili ilikitikisa kidogo tu, kikaachia. Joyness alitamani kutukana. Akameza.

Kwa watu wa Bariadi alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke mwenye kibanda jirani na stendi. Kwa Kitengo alikuwa Kware, na kazi yake ilikuwa kujua Fredrick anaficha wapi maboksi ya chanjo ya ng'ombe ambayo haikuwa chanjo. Ilikuwa sumu yenye lebo nzuri. Ng'ombe wakianza kufa zizi kwa zizi, wakubwa zake Fredrick walioko nje ya nchi wangeleta dawa ya kweli kwa bei wanayotaka. Aliyekubali kuitoa taa ya nyuma ya kulia ya Prado na kufunga ile ya Kitengo ni Marcelo, dereva wa Fredrick.

Fredrick akiigundua ile GPS, Marcelo haioni jioni.

Simu ikatetema mezani. Ujumbe wa Marcelo: *Trafiki katusimamisha. Taa ya nyuma imekufa. Bosi anataka fundi. Nakuja naye.*

"Mungu wangu," Joyness alisema.

Prado nyeupe ilikuwa imeshakata kona.

Fredrick alishuka wa kwanza. Miwani ya Ray-Ban, shati la kupigwa pasi, na uvimbe kiunoni ambao haukuwa simu. Marcelo alishuka nyuma yake, kola imelowa jasho.

"Mwadila, dada fundi," Marcelo alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," Marcelo alijibu, lakini macho yake hayakuwa na salama yoyote.

"Salamu zimetosha," Fredrick alidakia. "Nimeaibishwa barabarani kwa sababu ya taa. Itengeneze."

"Niachie bosi, ukapate soda. Ikiwa tayari nitakuita."

"Nikuachie?" Fredrick alicheka. "Nawajua mafundi. Mtu unaacha kitu orijino, unarudishiwa takataka. Spea yangu haitoki machoni pangu."

Akavuta kigoda, akakaa. Magoti yake yaligusa meza.

Mpango mzuri wa kuiingiza taa ndani ukafa hapohapo. Kila mwenye gari mjini hufanya hivyo, humkalia fundi mpaka mwisho asiibiwe. Hilo hakuna mtu wa Dodoma aliyelifikiria.

Joyness aliifungua taa na kuiunga kwenye betri. Nusu ya vitaa vya LED viliwaka. Nusu vilikufa. Akachukua mita. Volti zinaingia sawasawa. Waya wa ethi mzima. Akapima kitaa kimoja kimoja, vyote vizima. Alijua ugonjwa uko wapi, lakini ilibidi autafute kama asiyejua, na hilo lilimkera kuliko joto.

Akabonyeza bodi kwa kidole gumba. Taa yote ikawaka.

Akaachia. Ikazima.

"Lehemu imepasuka," alisema. Ilipasuka chini ya kiboksi cheusi cha GPS, si pengine.

Akawasha pasi ya kulehemu. Umeme ukakatika.

"Jamani!" Safari hii alipiga kelele za kweli. Akaichomeka pasi kwenye inveta ya betri. Ikapata moto kwa kujivuta. Lehemu ya kwanza ilikataa kushika, ya pili ikamwagika pembeni. Mikono iliyowahi kutegua bomu ilikuwa inashindwa na taa ya nyuma!

Ya tatu ikashika.

"Hicho cheusi ni nini?" Fredrick aliuliza.

Marcelo aliacha kutafuna jojo.

"Kidhibiti umeme, bosi. Vitaa visiungue."

Fredrick alivua miwani. "Fungua na ya kushoto."

"Ya kushoto ni nzima."

"Nimesema fungua."

"Mtoe Marcelo hapo!" Bujiku alisema sikioni. Rahisi kusema ukiwa Dodoma. Joyness alivuta droo kama anayetafuta bisibisi. Chini ya matambara kulikuwa na Glock. Akaiacha droo wazi.

Aliifungua taa ya kushoto. Bodi ileile, vitaa vilevile. Kiboksi hakuna.

Fredrick aliitazama hii, akaitazama ile. Mkono wa Joyness uliingia drooni.

"Wameniibia!"

Joyness aliduwaa, kisha karibu acheke. Jambazi mzima, ana bastola kiunoni, ameona kifaa upande huu na pengo upande ule, na kilichomjia kichwani ni kile kinachomjia kila mwenye gari: kuna mtu kala spea.

"Anayelipeleka gari hili kwa mafundi ni mtu mmoja tu," Fredrick aligeuka. "Umeuza kifaa changu?"

"Bosi, mimi? Haki ya Mungu sija..."

Kofi. Marcelo aliyumba, mdomo ukatoa damu. Bodaboda wa ng'ambo ya barabara wakaanza kusogea.

"Fundi, sema," Fredrick aliamuru. "Kilikuwepo, hakikuwepo?"

Marcelo alimtazama Joyness. Kijana wa Mama Generoza wa sokoni, asiyegusa hata karanga ya mtu. Lakini Joyness akisema hakikuwepo, swali linalofuata ni nani alikiweka kile cha kulia.

"Kilikuwepo," alisema. "Kimeng'olewa."

"Mwizi!" bodaboda mmoja alipayuka.

Joyness alishika spana kubwa. "Si kwenye kibanda changu! Atakayemgusa atanijua!"

Wakasita. Fredrick alimpokonya Marcelo ufunguo na kulitupa begi lake vumbini. "Potea. Nisikuone tena." Kisha akamgeukia Joyness. "Kingine unacho?"

Alikuwa nacho, cha akiba. Akakilehemu kushoto, na Fredrick alimsimamia mpaka mwisho asije akapunjwa.

Prado ikaondoka.

"Naona ng'ombe wekundu wawili," Bujiku alisema. "Imekuwaje?"

"Baadaye, mzee."

Jua lilikuwa bado kali simu ilipoita.

"Nkololo, nyuma ya ghala la pamba," Bujiku alisema. "Maboksi yote tumeyakamata, na Fredrick katikati yake. Hakuna ng'ombe aliyechomwa sindano. Kazi safi. Baki kwenye kibanda, bado tunakihitaji."

"Na Marcelo?"

"Ahame mkoa. Hatuwezi kumsafisha jina, unajua."

Joyness alimkuta stendi, amekalia begi. Simu ilikuwa inaita mkononi mwake, naye haipokei.

"Ni mama," alisema. "Soko zima limemwambia mwanawe mwizi."

"Fredrick kakamatwa. Umepona, Marcelo."

"Dada, mimi nilikubali kufa. Kuitwa mwizi sikukubali."

Hasira ilimpanda Joyness. Hasira ya Dodoma, ya lehemu, ya ulimi wake mwenyewe. Akaichukua simu, akaipokea, akaiweka sauti ya juu, akaenda nayo mpaka katikati ya bodaboda.

"Mwadila, mayu. Mimi ndiye fundi Joyness. Na nyie sikilizeni! Kijana huyu hakuiba. Taa ile ya kushoto haikuwahi kuwa na kile kifaa. Nilipima vibaya, nikaogopa kuonekana sijui kazi, nikamsingizia."

Midomo ikafunguka.

"Fundi feki!"

"Kumbe ndiyo maana indiketa yangu haijapona!"

"Kware, umekichoma kibanda!" Bujiku alifoka sikioni. "Nani atakuletea gari tena?"

Joyness alimrudishia Marcelo simu. Akakitoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni, akapita katikati ya kelele zao bila kuharakisha. Nyuma yake alimsikia Marcelo akisema, "Mayu, umesikia?"